Alisema Hasikii, Wakampima Masikio

Kwa Kiswahili harufu husikika. Mtu akipita Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, jioni ya Ijumaa husema asikia udi, asikia biriani, asikia samaki wa kukaanga, na hakuna amuulizaye kwa sikio lipi. Neno hilo halina taabu mpaka liandikwe kwenye fomu na kijana mwenye haraka.

Mama mmoja, nitamwita Bi Mkubwa kama wamwitavyo wajukuu zake, alifika kwenye kituo kimoja cha afya hapa Mombasa akasema, "Mimi sisikii." Foleni nyuma yake ilikuwa imefika mlangoni, na kabla hajaongeza neno karani alikwisha andika: "Hasikii, miaka 2." Akapelekwa chumba cha masikio. Wakamtoa nta, wakamvisha vile vya kichwani, wakampigia milio mikubwa na midogo, naye kila mlio akanyoosha kidole. Akarudi nyumbani na karatasi inayosema masikio yake hayana kasoro. Umri wake ulikuwa miaka 63, na kisukari kilikuwa na mwaka wa kumi na nne mwilini mwake.

Aliporudi kwangu kliniki, miezi minne baadaye, karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa juu kwenye faili. Nakiri kwamba nami nilianza kumsemesha kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya kivuko. Akainua mkono.

"Taratibu, mwanangu. Masikio yangu mazima. Ni pua isosikia."

Mimi ni klinikal ofisa, na kazi yangu ya kila wiki ni kliniki ya sukari. Bi Mkubwa ameniruhusu kukiandika kisa chake, na nimebadilisha vitu viwili vitatu visivyogusa ugonjwa ili asijulikane. Ninakiandika kwa sababu kadi yetu ya kliniki ina nafasi ya macho, miguu, mkojo, presha na uzito, na kwa miaka yote niliyoijaza sikuwahi kumuuliza mgonjwa hata mmoja habari ya pua yake.

Ili kisa kieleweke, lazima kwanza kazi yake ieleweke. Bi Mkubwa hupika udi. Huu ni ule wa nyumbani, wa kuwekwa kwenye kaa la chetezo, mbali na vile vijiti vya dukani. Sukari huchemshwa na maji mpaka iwe shira nzito, ikatiwa vumbi la sandali na vipande vya udi wenyewe, kisha mawardi, miski na mafuta ya manukato ambayo kila mpishi ana mchanganyiko wake na hamwambii mtu. Ikipoa hukatwa vipande. Kazi yote iko kwenye sukari. Ikitolewa mapema, udi hunata kwenye kopo na haushiki. Ikichelewa kidogo tu huungua, na ile harufu ya sukari iliyoungua hufunika kila manukato yaliyotiwa ndani. Miaka 40 Bi Mkubwa amekuwa akiujua wakati wa kuepua kwa pua. Hakuwa na saa jikoni.

Miezi sita kabla ya siku hiyo, mama wa bi harusi mmoja alimrudishia makopo matatu. Hakusema kwa ubaya, alisema tu, "Bi Mkubwa, udi huu umeungua." Bi Mkubwa alifungua kopo, akanusa, hakusikia kitu. Alidhani mteja amemtafutia sababu ya kurudishiwa pesa. Akamwita mjukuu wake wa miaka 19, ambaye hakuhitaji hata kuliinamia kopo.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuunganishwa nyumbani, na kila mtu aliunganisha kwa uzi wake. Binti yake alisema ni uzee. Jirani alisema ni jicho, maana udi wake ulikuwa ukisifiwa mno. Halafu kulikuwa na jambo la usiku. Mara kadhaa Bi Mkubwa aliamka akisikia harufu ya moshi, moshi kabisa, akazunguka nyumba nzima akikagua jiko na nyaya, na hapakuwa na kinachoungua. Kwa hilo jirani akabadilisha kauli. Sasa ilikuwa ni pepo wa ruhani, kwa sababu ruhani hujulikana kwa harufu. Walikwenda kwa mwalimu mmoja wa dini, akamsomea, kisha akamuuliza kama ana maradhi yoyote. Alipotaja sukari, mwalimu akamwambia arudi kliniki. Nimepata rufaa chache zilizo na akili kama ile.

Nilimuuliza kuhusu chakula. Mjukuu ndiye aliyejibu. Pilau ya nyanyake ilikuwa na chumvi ya kutosha sufuria mbili. Chai yake ilikuwa vijiko vinne vya sukari ilhali mbele yetu kliniki alikuwa akisema hatii kabisa. Achari na ndimu zilikuwa hazikosi sahani yake. "Chakula kimekuwa kama pamba," alisema Bi Mkubwa. "Nikitia sukari angalau najua nakunywa kitu."

Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka msomaji aishike. Ulimi hutambua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha ya mchuzi wa nyama uliokolea. Hayo mengine tunayoita ladha, yaani iliki ndani ya mahamri, bizari ndani ya pilau, nazi ndani ya mbaazi, ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya kinywa kwenda puani. Ziba pua utafune iliki. Utapata kitu chenye ukali kidogo na ubaridi, na iliki yenyewe haimo. Achia pua, inarudi. Kwa hivyo mtu aliyepoteza pua hufuata kile ambacho ulimi bado unakipata: sukari, chumvi, ndimu, pilipili. Kwa mtu wa kisukari mwenye presha, hiyo ni kama kufukuzwa na mvua ukakimbilia mtoni.

Tulikuwa tukimgombeza kwa kutofuata masharti. Kwenye faili yake kuna mwandiko wangu mara tatu: "Ameshauriwa tena kuhusu lishe."

Vipimo vya siku ile: sukari ya asubuhi kabla ya kula 13.4, HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, asilimia 10.4, presha 152 kwa 88. Kipimo cha HbA1c kikifika asilimia 6.5 tayari ni kisukari, na wagonjwa wengi huwa tunalenga wakae karibu na 7. Miaka mitatu nyuma Bi Mkubwa alikuwa 7.9. Alikuwa akinywa metformini na glibenklamidi kwa sukari, na kwa presha enalaprili.

Sasa pua. Vipo vipimo vya kunusa vilivyotengenezwa kitaalamu. Kimoja mashuhuri kilitoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1984, kazi ya Richard Doty, nacho ni vijitabu vyenye harufu 40 za kukwaruza na kunusa. Hatuna hapa, na hata tungekuwa nacho kingetusumbua, kwa maana baadhi ya harufu zake ni za tango la siki la Kimarekani, za soda isiyozoeleka Mombasa, na za maua ya lilaki. Ukimpa mama wa Mji wa Kale akashindwa kulitambua lilaki, umepima pua au umepima pasipoti? Nikamtuma mjukuu sokoni Marikiti. Alirudi na karafuu, iliki, kahawa ya kusaga, limau, mdalasini na asumini za jana yake. Mimi nikaongeza mafuta ya taa na sabuni ya kufulia. Kila kimoja kwenye kichupa chake, pamba juu, macho yamefungwa, tundu moja la pua kwa wakati mmoja. Naeleza wazi kwamba hicho si kipimo rasmi na namba zake hazilinganishwi na za mtu mwingine. Kinafaa kumlinganisha Bi Mkubwa na Bi Mkubwa mwenyewe.

Kati ya vinane alitambua viwili: karafuu na mafuta ya taa. Hata hivyo alisita, na karafuu aliijua kwa ule mwasho wake. Mjukuu alitambua vinane vyote akicheka, mimi saba. Asumini alizishika mkononi muda mrefu. Ni mwanamke aliyewahi kutunga vikuba vya harusi zisizo na idadi, na alikuwa akilishika ua kama mtu aliyeshika barua ya lugha asiyoijua.

Mwisho nilimpa chupa ya amonia. Akarudisha kichwa nyuma papo hapo, machozi yakamtoka. Watu wengi hudanganyika hapa. Amonia, menthol, pilipili na moshi mkali havihitaji mshipa wa kunusia. Huchoma kupitia mshipa mwingine wa fahamu, ule wa tano, unaohudumia uso, macho na utando wa pua. Ndiyo maana Bi Mkubwa alikuwa akiona bado anaupata udi wake: moshi ulimchoma, akauhesabu kuwa harufu. Na ndiyo maana dakika moja tu ya kumfukizia kitu kikali haimalizi uchunguzi. Kwa upande mwingine, mtu anayedai hasikii chochote hata amonia, hapo kuna la kuuliza zaidi.

Nikamwambia avue viatu. Ni utaratibu wa kliniki, na siku ile nilikuwa nimeuacha uwe wa mwisho kwa sababu ya habari za pua.

Tangu walipoingia nilikuwa nikisikia harufu mbaya kwa mbali. Nilidhani ni mtaro wa nje, ambao mvua ikinyesha hutukumbusha kuwa upo. Alipovua ndala ya kushoto, mjukuu aligeuza uso kuelekea dirishani na muuguzi akaniangalia. Chini ya kidole kidogo, upande wa ndani, kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya mbaazi, kingo nyeupe zilizolowa, usaha katikati. Bi Mkubwa alikuwa ametulia, akitungoja tuseme kitu.

"Kinauma?"

"Nini?"

Uzi wa nailoni wa gramu 10, ambao hubonyezwa kwenye wayo kuona kama mtu anahisi, hakuuhisi mahali popote mbele ya wayo. Uma wa chuma unaotetema, ukiwekwa kwenye kidole gumba, aliuona ni chuma baridi tu. Kidonda kilianzaje? Hajui. Mjukuu anashuku kaa la chetezo, kwa kuwa nyanya hujifukiza akiwa amesimama juu yake miguu mitupu. Mimi sikatai.

Kisha mjukuu akasema jambo ambalo halijanitoka. Kwa wiki mbili nyumbani kulikuwa na uvundo. Walihamisha kabati wakitafuta panya aliyekufa, wakamwaga dawa chooni, na kwa kuwa harufu haikwisha wakazidisha kufukiza udi asubuhi na jioni. Udi wa kumfukizia panya ambaye hakuwapo, na chetezo kikisogezwa karibu na miguu ileile.

Tunawafundisha wagonjwa kwamba kisukari huondoa maumivu, kwa hivyo wasingoje kidonda kiume. Hatuwaambii kwamba kinaweza kuondoa na mlinzi wa pili. Mtu asiyehisi mguu angalau angesikia harufu ya jeraha lake mwenyewe. Macho nayo, mlinzi wa tatu, kwa Bi Mkubwa yalikuwa yameanza ukungu, na kuinama kuutazama wayo katika umri huo si kazi ndogo.

Ilibaki swali: ni sukari kweli iliyoichukua pua yake? Hapa watu wawili hukosea kwa njia mbili. Mmoja husema ni uzee, akafunga faili. Mwingine, na mimi nilikuwa karibu kuwa huyu, akishaliona neno kisukari hulibandika kila kitu.

Virusi tulivianzia. Mwaka 2020 dunia nzima ilijifunza kwamba korona huweza kukata harufu kwa usiku mmoja. Ya Bi Mkubwa haikukatika, ilififia. Alianza kwa kutosikia maua yaliyo mbali, kisha yaliyo karibu. Hakuwahi kuanguka akagonga kichwa. Havuti sigara, ingawa miaka 40 ya moshi wa makaa na udi siwezi kuiita hewa safi. Mafua ya mzio hana. Nilimulika ndani ya pua, nikamtuma pia kwa daktari wa masikio, pua na koo, safari hii nikiandika kwa herufi kubwa PUA: hakuna uvimbe wa nyama, hakuna kilichoziba, utando umekauka kidogo tu.

Kumulika huko nilikuwa na sababu nyingine. Mtu mwenye sukari ya juu anaweza kushikwa na kuvu hatari wa pua, yule India ilimwona kwa maelfu mwaka 2021 kwa wagonjwa wa korona wenye kisukari waliopewa steroidi. Huyo huja kwa kasi: uso kuuma na kuvimba upande mmoja, majimaji meusi au ya damu puani, jicho kuvimba au kuona viwili. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, usiku uwe usiku. Bi Mkubwa hakuwa na dalili hata moja.

Ugonjwa wa Parkinson hujulikana kuanza puani miaka kabla ya mikono kutetemeka, na maradhi ya kusahau pia. Nilimwangalia akitembea, akigeuka, akifunga vifungo, akihesabu faida ya makopo 12 kichwani haraka kuliko mimi. Tezi ya shingo ilikuwa sawa kwa kipimo cha damu. Enalaprili ina jamaa zake waliowahi kulaumiwa kwa kuharibu ladha, lakini aliianza miaka tisa nyuma bila tatizo. Vitamini B12 ilikuwa chini kidogo ya kiwango cha maabara, jambo lisilo geni, kwani metformini ikinywewa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wake. Nayo B12 ikipungua huharibu mishipa ya fahamu. Hilo lilichafua hesabu. Ganzi ya miguu sasa ilikuwa na washukiwa wawili, na pua vilevile. Mkojo ulikuwa na protini, alama kwamba figo nazo zimeguswa.

Hukumu yangu: umri umechangia, maana pua za wengi hupungua nguvu baada ya miaka 60, B12 huenda imechangia, lakini mgonjwa aliyekwisha guswa miguu, macho na figo na sukari, na ambaye pua yake ilififia katika miaka ileile ambayo kipimo chake kilipanda kutoka 7.9 hadi 10.4, simwambii ni uzee. Ni hukumu. Siwezi kuithibitisha kwa karatasi.

Tafiti zenyewe haziimbi wimbo mmoja. Nyingi zimewakuta wenye kisukari cha aina ya pili wakinusa vibaya kuliko wenzao wasio nacho, na waliokwisha pata madhara ya mishipa ndio huwa hoi zaidi; nyingine zikishapunguza umri na uzito tofauti inakuwa ndogo. Marekani walipima pua za watu wa miaka 40 na zaidi katika uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014, kwa harufu nane, idadi kama ya zangu. Waliokuwa wakitumia insulini waliripoti zaidi harufu zisizokuwapo. Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka Bi Mkubwa akizunguka nyumba usiku kutafuta moto, ingawa yeye insulini alikuwa hajaianza. Nadhani insulini hapo ni alama ya ugonjwa uliokomaa. Haimaanishi kwamba sindano ndiyo iliyoleta moshi, na nasisitiza hili kwa sababu watu wetu tayari wana visingizio vya kutosha vya kuikataa sindano.

Jinsi madhara yanavyoweza kutokea inaeleweka zaidi. Juu kabisa ya pua kuna kipande kidogo cha utando chenye seli za kunusia. Kazi ya Linda Buck na Richard Axel, iliyochapishwa 1991 na kuwapa tuzo ya Nobel mwaka 2004, ndiyo iliyofungua mlango wa kujua kwamba seli hizo zina familia kubwa mno ya vipokezi. Kwa binadamu ni aina zipatazo 400. Nyuzi zao hupenya mfupa wenye matundu kama chekeche na kuingia kwenye ubongo. Seli hizi hufa na kuzaliwa upya maisha yote ya mtu, jambo lisilo la kawaida kwa seli za fahamu, na kuzaliwa huko kunataka damu. Sukari ikikaa juu miaka mingi hukaza na kuharibu vijishipa vidogo kabisa vya damu, vilevile inavyofanya kwenye jicho na figo. Juu ya hayo, kituo cha kwanza cha harufu ubongoni kimejaa vipokezi vya insulini. Si ajabu: mwenye njaa mara nyingi hunusa vizuri kuliko aliyeshiba, kwa hivyo pua ina haja ya kujua habari za tumbo. Wanaolichunguza jambo hili hudhani kwamba mwili ukiacha kuitikia insulini, mazungumzo hayo nayo huvurugika.

Matibabu tuliyaanzia miguuni. Kidonda kilisafishwa na daktari wa upasuaji, picha ya eksirei ikaonyesha mfupa haujaguswa, akapewa dawa za kuua vijidudu na kiatu kisichobana mbele. Kilichukua wiki tisa kufunga. Sukari: tulimwanzishia insulini ya usiku, tukamchoma B12. Nilifuta ushauri wangu wa zamani wa lishe, tukakaa na mjukuu tukapanga upya. Kama ulimi ndio uliobaki, tuupe kitu kisichodhuru: ndimu, ukwaju, siki, pilipili, tangawizi mbichi, na vitu vya kutafuna vyenye mlio. Sukari ya chai tuliishusha kijiko kimoja kila wiki mbili. Chumvi hupimwa na mjukuu na kopo limeondolewa jikoni.

Gesi ilinitisha kuliko vyote. Gesi ya kupikia haina harufu yake. Ule uvundo hutiwa makusudi kiwandani ili watu wagutuke mtungi ukivuja. Kwa Bi Mkubwa onyo hilo ni sawa na king'ora kwa kiziwi, na yeye hupika udi kwa saa tatu mfululizo ndani ya jiko lenye dirisha dogo. Mtungi ukatolewa nje uani, mpira ukabadilishwa, na kila Jumamosi hupakwa povu la sabuni kuona kama kuna mapovu yanayochipuka. Maziwa na samaki hatoi uamuzi yeye tena.

Kwa pua yenyewe hakuna kidonge. Kuna mazoezi. Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walieleza mwaka 2009 namna mtu anavyoweza kunusa harufu nne mara mbili kwa siku, kila moja kwa sekunde chache huku akiikumbuka, kwa wiki 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Faida yake imeonekana zaidi kwa waliopoteza harufu kwa virusi. Kwa kisukari ushahidi ni mwembamba, na nilimwambia hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akacheka hadi kilemba cha mtandio kikalegea.

"Mjerumani ndiye anifundishaye kunusa karafuu? Haya. Mawardi n'nayo, karafuu n'nazo, limau liko. Huo mkaratusi ndio wa kununua."

Alifanya. Miezi mitatu baadaye HbA1c ilikuwa 8.3, miezi sita 7.6. Kwenye vichupa vyangu vinane alipanda kutoka viwili hadi vinne: limau na kahawa viliongezeka. Iliki alisema "kitu kitamu, sikijui jina." Asumini, hakuna. Moshi wa usiku umepungua, huja mara moja kwa mwezi au hauji. Kama ni insulini, B12, mazoezi, au vyote, sina njia ya kujua kwa mgonjwa mmoja, na sitajifanya ninayo. Uzi wa nailoni bado hauhisi. Kila jioni mjukuu humkagua miguu kwa tochi ya simu, na amezoea kukinusa kila kiatu kabla ya kukiweka barazani, jambo ambalo kaka zake humtania nalo.

Nilidhani udi ameuacha. Mwezi uliopita alikuja na kopo. Nikalifungua mbele yake, naye akanitazama usoni kama mwalimu anayengoja jibu. Nilimwambia ninachokisikia: sandali kwanza, kisha waridi, kisha kitu cha chini kama ngozi iliyokaa kwenye sanduku. Hakuna kilichoungua. Nikamuuliza kama mjukuu ndiye anayeepua siku hizi.

"Huyo bado mtoto, huchelewa." Akaeleza. Shira ikiwa bado na maji hutokota haraka, mapovu madogo, sauti nyepesi kama mvua juu ya makuti. Maji yakipungua mapovu huwa mazito na hupasuka polepole, pu, pu, na kati ya pu moja na nyingine kuna kimya. Kimya kikifikia urefu fulani, anaepua. Amemkataza mtu yeyote kuwasha redio jikoni.

Akagonga sikio lake kwa kidole. "Walinipima hapa, wakasema mazima."